Mtangazaji wa Mitaani Aliyewauliza Viongozi Waliona Nini

Saa mbili na nusu asubuhi, gari dogo jeupe lenye spika mbili juu ya paa linashuka mteremko wa mtaa wa bondeni kwa mwendo wa mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka. Ndani yake ameketi mwanamke mnene wa makamo, maiki ameishikia chini ya kidevu, na macho yake hayatulii.

"Habari za asubuhi, wakazi. Wewe unayepiga mswaki hapo kwenye ngazi, endelea tu, usinijibu na povu mdomoni. Mama mwenye ndoo ya njano, nakuona, na huyo mtoto kiatu cha kulia amekivaa kushoto. Leo saa nane mchana, ukumbi wa shule ya msingi, Meya na Diwani wanakuja kujibu kuhusu kipindupindu cha mwaka jana. Njooni mkawaulize wenyewe."

Mpiga mswaki anatema, anacheka, anainua mkono. Mama wa ndoo anainama kumkagua mwanawe miguu.

"Shemeji, ongeza mwendo kidogo basi," mwanamke anasema baada ya kuzima maiki. "Tukifika kona ile mkutano utakuwa umeisha."

"Mimi sikuchaguliwa kwa ajili ya mwendo," anajibu dereva, mdogo wa mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Taratibu. "Nilichaguliwa kwa sura."

"Aliyekuchagua alikuwa amefumba macho," anasema mwanamke, na kuwasha tena maiki.

Mwenyewe anaitwa Honi. Jina hilo alipewa na wauza nguo sokoni miaka mingi iliyopita, kabla hajamiliki spika hata moja, alipokuwa akiita wateja kwa koo tupu hadi wenye maduka ya mtaa wa pili wakaja kulalamika. Mumewe, fundi umeme, alimuundia amplifaya ya kwanza kutokana na redio mbovu. "Nilitaka apige kelele zake huko nje, nyumbani apumzike," anasimulia mume huyo kwa uso mkavu. "Mpango haukufaulu."

Sasa Honi ana miaka hamsini na mbili, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo ameipitisha akitangaza. Maduka mapya, watoto waliopotea, siku za chanjo, misiba, umeme utakaokatika. Kwa siku moja ya kuzunguka hupata pesa ya mafuta, ya kumlipa shemeji na ya kulisha nyumba kwa siku mbili. Karibu nusu ya kazi zake zilikuwa zikitoka manispaa, na tunasema zilikuwa kwa sababu tangu kipindupindu kiishe, manispaa hiyo imemvalia miwani ya mbao.

Mgeni akimsikia anavyowasalimia watu kwa nguo walizovaa na vitu walivyoshika, atadhani ni mbwembwe za kazi. Wapo hata watangazaji wa mitaa mingine wanaomwiga. Lakini Honi hakuanza mtindo huo kwa kutaka kuchekesha. Aliuanza mwaka jana, siku ambayo bondeni nzima ilisikia sauti yake ikisema maji ni salama, wakati yeye mwenyewe alikuwa upande wa pili wa mji akitangaza duka la samani.

Ilikuwa baada ya mvua kubwa. Bomba kuu lilipasuka mahali linapopita ndani ya mtaro wa maji machafu, na kipindupindu kikaingia bila kupiga hodi. Asubuhi ya siku hiyo alifika Diwani wa kata, mtu mchache wa maneno ambaye watu wamembandika jina la Ndimu kwa sababu hakuna anayekumbuka kumwona akitabasamu. Alikuja na mafundi wawili, akafunga mabomba yote ya mtaa kwa minyororo na kufuli, akapanda gari lake akaondoka. Hakueleza chochote. Malori ya maji aliyoyaagiza yalikuja kufika mchana.

Tangu asubuhi hadi mchana ni muda mrefu kwa mtu mwenye ndoo tupu na watoto nyumbani. Wanawake walimtukana Ndimu hadi matusi yakawaishia, na Honi alikuwa mmoja wao kabla hajaondoka kwenda kazini. "Nilimwita majina ambayo gazeti lenu haliwezi kuyachapa," anasema bila kuona haya. "Nikajipongeza kwamba uchaguzi uliopita kura yangu hakuipata."

Meya ni mtu wa namna nyingine kabisa. Ana sauti ya kubembeleza, anakumbuka majina ya wajukuu wa watu, na akipita sokoni hakuna meza anayoiruka bila salamu. Wengi wetu tulimpenda, na sisi waandishi hatukuwa nyuma. Aliposikia kwamba bondeni watu wanagombania maji na kufuli zimeanza kugongwa kwa mawe, aliagiza ofisi yake itoe tangazo la kuwatuliza wananchi.

Ofisa habari hakuhangaika kutunga jipya. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na tangazo ambalo Honi alilirekodi mwaka mmoja kabla, mabomba mapya yalipokamilika. Wakazi wa bondeni, lilisema, maji ya bomba yamepimwa na ni salama, tumieni bila wasiwasi. Halikuwa na tarehe. Honi anaeleza kwamba watangazaji wa mitaani hawataji tarehe wanaporekodi, kwa sababu wateja hawaipendi. "Tangazo lenye tarehe linachacha upesi kama maziwa," anasema. "Mteja anataka kitu cha kukaa. Na sisi tumezoea kumfurahisha mteja."

Gari la manispaa likateremka bondeni likipiga tangazo hilo. Watu walioisikia sauti ya Honi hawakuuliza mara mbili. Walimaliza kuvunja kufuli na kukinga maji.

Honi alirudi alasiri kwa miguu, kwa sababu Taratibu alikuwa amekwenda kujaza mafuta. Alikuwa na mfuko wa vitunguu mkononi alipofika kwenye kona ya kinyozi.

"Nikaisikia sauti yangu inakuja," anasimulia, na hapa hata yeye sauti inapungua. "Mimi nimesimama, mdomo nimefunga, na sauti yangu inakata kona inanifuata. Nilidhani nimechanganyikiwa. Halafu nikaanza kusikiliza inachosema."

Alimpigia simu ofisa habari. Alijibiwa asiwe na wasiwasi, ni jambo la kutuliza watu tu. Jibu hilo halikumwingia akilini, akaenda zahanati kuona kwa macho yake. Alikuta watu wamelala hadi kwenye varanda. Nesi aliyekuwa akitundika dripu hakugeuka hata kumtazama.

"Hawa wote ni wa kwenu bondeni," nesi alimwambia. "Na wote wamekunywa maji ya bomba. Mama Honi, kwa nini umewaambia wanywe?"

Walioliona gari jeupe jioni hiyo wanasema ndiyo mara pekee Taratibu alipokwenda kinyume cha jina lake. Alilikimbiza hadi kichwa cha mtaa, hapo Honi akawasha maiki na kuanza kusema watu wasinywe maji. Mwanamume mmoja akatoka mlangoni na sufuria mkononi, akamuuliza amwamini yupi, huyu wa sasa au yule wa mchana aliyesema wanywe.

"Nikamwambia yule si mimi. Akasema ni wewe, sauti yako naijua. Na kweli ni yangu. Ndipo nikamwangalia vizuri. Nikamwambia, wewe umeshika sufuria kwa mkono wa kushoto, na kitasa cha mlango wako kimelegea. Ile spika ya mchana ilikuona? Haikukuona. Mimi nakuona. Mwaga hayo maji."

Mwanamume akayamwaga. Honi akaenda nyumba ya pili, na ya tatu, akiwataja watu kwa mashati yao, kwa mitandio yao, kwa mtoto aliyebebwa mgongoni, na kila aliyetajwa alijua kwamba anayesema naye yuko hapo hapo na anamwona. Kabla giza halijaingia, mtaro wa bondeni ulikuwa umejaa maji yaliyomwagwa kutoka ndoo na madumu.

Mji mzima, watu zaidi ya mia mbili walilazwa. Kumi na mmoja hawakurudi nyumbani. Mmoja wa hao alikuwa fundi viatu aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwa Honi, mtu wa utani mwingi, ambaye alikunywa vikombe viwili mchana ule akiwa kazini.

Mkewe anashona sare za shule. Yeye na Honi walikuwa wameshibana kwa miaka ishirini, wakiazimana chumvi, wakilea watoto wao pamoja, wakiwasema waume zao kila jioni. Siku ya mazishi, mbele ya watu, mjane alimwambia Honi maneno mawili matatu tu. "Mume wangu hakumsikia Meya. Alikusikia wewe." Tangu hapo hajamsemesha tena.

"Hakunitukana," anasema Honi. "Angenitukana ningejua pa kuanzia. Mtaa wote nimeurudisha, mtu mmoja mmoja. Nyumba ile imenishinda. Na mimi nakuambia ukweli, mwandishi, hao wengine wote siwahesabu mpaka nyumba ile iniamini."

Mwanamke huyu si wa kukaa na kulia. Mwaka mzima amekuwa akipita akitangaza duka la godoro na mashindano ya mpira, na kila tangazo analifungia kwa swali lile lile, kwamba nani atakuja kutueleza habari za kipindupindu. Wakubwa walijitia hamnazo. Kisha uchaguzi ukakaribia, Ndimu akatangaza kwamba anagombea umeya dhidi ya Meya aliyeko, na ghafla kila mmoja akakumbuka njia ya kwenda kwa Honi.

Wa kwanza walikuwa watu wa Meya. Walimpigia simu wakitaka awe sauti ya kampeni nzima, kwa malipo ambayo yangemnunulia gari la pili. Aliwauliza kama watamruhusu kuwaambia watu kwamba tangazo la mwaka jana lilitoka ofisini kwao. Simu ikakatika.

Ndimu alikuja mwenyewe kwa miguu. Alisimama mlangoni, akakataa kiti. "Naambiwa siku hizi unawaambia watu kwamba nilikuwa sahihi kufunga mabomba," alisema. "Basi liseme barabarani."

"Nitalisema," Honi alimjibu, "ila nitaongeza na lingine." Diwani hakuuliza hilo lingine ni lipi, akaaga akaondoka.

Ndipo Honi akakaa na kamati ya wakazi wakapanga mkutano. Hawakuwa na nguvu ya kumlazimisha kiongozi yeyote, lakini walikuwa na spika mbili. Kwa wiki nzima Honi alizunguka akitangaza kwamba viongozi wote wawili wamealikwa, na kila siku alitaja nani amejibu na nani anaendelea kutafakari. Diwani alijibu siku ya pili. Meya alitafakari hadi siku ya tano, watoto walipoanza kumuuliza jibu lake njiani akienda kazini.

Saa nane mchana ukumbi umeshajaa. Viti vya plastiki vimekwisha, watu wamekaa juu ya madawati na kwenye madirisha. Taratibu yuko pembeni akilinda amplifaya, amevaa shati la kwenda harusini. Meya anaingia akisalimia safu kwa safu, Ndimu anaingia na kukaa mwisho wa meza. Karibu na mlango amesimama mwanamke mwembamba mwenye tepu ya kupimia nguo shingoni. Kuna kiti jirani naye, lakini hakikalii. Honi anamwona mara moja, na kwa muda anasahau kwamba ameshika maiki.

Kisha anapiga moyo konde. "Utaratibu ni mfupi," anasema. "Hotuba hakuna. Mimi nina swali moja kwa kila mgeni, baada yangu mwenye swali atauliza. Tunaanza na Mheshimiwa Meya."

Meya anasimama. "Ndugu wananchi, kabla ya yote, napenda kuchukua fursa hii adhimu..."

"Mheshimiwa, hiyo fursa tumeshaichukua sisi," anasema Honi, na ukumbi unacheka, Meya mwenyewe akiwamo. "Swali langu ni hili. Siku tangazo lile lilipotoka likisema maji ni salama, wewe ulikuwa umeona nini?"

"Nilikuwa nimepokea taarifa kutoka ofisini."

"Taarifa umepokea. Nauliza uliona nini. Bondeni ulifika?"

"Ratiba ya siku ile haikuruhusu, dada yangu."

"Bomba ulilitazama?"

"Mimi si fundi wa maji."

"Hata mimi si fundi. Ndiyo maana nilikwenda zahanati, kule kujua kumtazama mgonjwa kunatosha."

Hapa mwandishi huyu alitarajia kusikia yale tuliyoyazoea, kwamba kamati iliundwa, kwamba wataalamu walishauri, kwamba changamoto hazikosekani. Viongozi wetu wengi wana majibu mazuri sana ya maswali ambayo hawakuulizwa. Meya akafungua mdomo kama mtu anayeelekea huko. Akautazama ukumbi, akafunga, akaegemea meza kwa mikono miwili.

"Sikuona kitu," alisema. "Niliambiwa watu wanapigana. Niliogopa watu watakanyagana, niliogopa soko litafungwa, wafanyabiashara wote waje mlangoni kwangu. Nikasema watulizwe. Sikuuliza watatulizwa kwa maneno gani."

Mzee mmoja alimzomea kutoka dirishani. Mwanamke mwingine akaanza kulia. Honi aliinua mkono wote wakanyamaza.

"Amejibu," alisema. "Na tumpe haki yake. Siku ya tatu vitanda vilikuja, na nilimwona zahanati akifuta sakafu na wafagiaji bila mpiga picha. Hilo nililiona. Lakini siku ya kwanza hakuwapo, na siku ya kwanza ndiyo iliyotuua."

Akageukia mwisho wa meza. "Mheshimiwa Diwani, na wewe uliona nini?"

Ndimu hakusimama. "Niliona bomba limepasuka ndani ya mtaro. Nililiona kwa macho yangu, alfajiri. Nikafunga mabomba na kuagiza malori."

Makofi yakapigwa, ya nguvu, na wafuasi wake wakaanza kuimba. Honi akasubiri wachoke.

"Kwa hiyo ulijua," alisema. "Ulisimama mlangoni kwetu na kufuli mkononi, na unajua kwamba kilichomo kwenye bomba kinaua. Kwa nini hukutuambia?"

Diwani alijibu akiwa ameketi vile vile. "Nilidhani mkijua mtakimbia. Mtautawanya ugonjwa mji mzima."

"Ungetuambia, nani angevunja kufuli? Mimi mwenyewe ningekaa pale kulinda bomba lako. Badala yake niliondoka pale nikikutukana, nikaenda kutangaza makochi."

"Sijui kuongea na watu," alisema Ndimu.

"Hilo halihitaji shahidi," alisema mtu kutoka nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko. Walioketi mbele wanaapa kwamba midomo ya Diwani ilicheza kidogo, ingawa si wote wanaokubaliana.

Honi hakucheka. "Mmoja hakuona akasema, mwingine aliona akanyamaza," alisema, akiwatazama kwa zamu. "Na wote wawili mlituogopa sisi kuliko mlivyouogopa ugonjwa. Mlidhani tukiambiwa ukweli tutafanya ujinga. Tulifanya ujinga kwa sababu hatukuambiwa."

Kama mkutano ungeishia hapo, makala haya yangekuwa rahisi kuyaandika, na Honi angekuwa ametoka na ushindi wake mkubwa. Lakini utaratibu aliouweka mwenyewe ulisema kwamba baada yake mwenye swali atauliza, na mkono uliopanda ulikuwa wa mwanamke aliyesimama mlangoni.

Taratibu alimpelekea maiki. Mjane wa fundi viatu aliishika kwa mikono miwili, na hakuielekea meza ya wageni.

"Viongozi nimewasikia," alisema. "Swali langu ni lile lile, na nakuuliza wewe, Honi. Siku ulipolirekodi tangazo lile, wewe uliona nini?"

Kwa mwaka mzima Honi amekuwa akisema, na kwetu pia alisema asubuhi ile, kwamba tangazo lilikuwa la kweli siku liliporekodiwa. Ndicho kitu alichokishikilia. Sasa alisimama mbele ya watu mia kadhaa, uso umemshuka, na ilikuwa dhahiri kwamba hajawahi kujiuliza.

"Sikuona kitu," alisema hatimaye. "Niliketi ofisini kwao, nikapewa soda, nikapewa karatasi, nikasoma. Karatasi ilisema maji yamepimwa. Aliyepima simjui. Hayo maji sikuyatazama."

"Lakini ulisema."

"Nilisema. Nililipwa nikasema. Kama siku ile ilikuwa kweli, ilikuwa bahati tu. Mwenzangu, nisamehe."

Mjane aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepokea mzigo uliokuwa ukisubiriwa. "Sasa umejibu," alisema. Akarudisha maiki, akakaa kwenye kile kiti.

Mkutano uliendelea kwa saa nzima nyingine. Watu walitoa ya moyoni, Meya alipewa vidonge vyake na Diwani akapewa vya kwake, na mwishoni wote wawili waliahidi mbele ya kamati kwamba ofisi yoyote watakayoishika haitatoa tena tangazo la afya lililorekodiwa. Litasemwa na mtu aliye hai, atakayetaja tarehe, jina la aliyepima na mahali alipopimia. Ahadi za wakati wa uchaguzi tunazijua. Hii angalau ina mtu wa kuidai, na anazo spika.

Wakati Taratibu akizungusha nyaya, tulimuuliza Honi atampigia nani kura. Alituambia kwamba kura ni siri. Halafu, kwa kuwa siri hazimkai, akaongeza kwamba kwa maoni yake mtu anayejua kutazama anaweza kufundishwa kuongea, ila aliyezoea kuongea bila kutazama sijui utamwanzia wapi. "Msiandike kwamba nimempigia mtu kampeni," alisema. "Andikeni kwamba nilikuwa najiongelesha."

Mjane alikuwa akimsubiri nje, kando ya gari. Honi alikwenda, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana hajui mikono yake aiweke wapi. Mwandishi huyu alikuwa hatua chache kutoka hapo, na hakuombwa asogee.

"Sijasema nimekusamehe," alianza mjane.

"Najua."

"Kila nikikaa kwenye cherehani naiona benchi yake. Usinitegemee kesho nije kuazima chumvi."

"Sikutegemei. Chumvi ipo lakini."

Mjane karibu acheke, akajizuia. Alitazama juu, ambako mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mlima. "Mvua zinakaribia," alisema. "Mvua zikija, watu watataka kujua habari za maji. Na utazitangaza wewe, maana nani mwingine."

"Nitazitangaza."

"Basi uende kwanza ukayatazame. Ukitoka huko, uanzie kwangu. Hiyo maiki yako uiache garini, uje unieleze uso kwa uso ulichokiona. Nikikuamini, utakwenda kuwaambia wengine."

"Na usiponiamini?"

"Utarudi kutazama tena."

Aliondoka na tepu yake shingoni, hakugeuka nyuma. Honi alibaki amesimama hadi alipotokomea kwenye kona ya kinyozi, kisha akapanda garini na kufuta macho kwa upande wa mtandio, wazi wazi, bila kujificha.

Mpango wake wa msimu huu ameshauanza. Amezungumza na fundi anayepima maji kwenye tangi kuu, naye amekubali Honi awe anasimama hapo wakati wa kupima, kila wiki mvua zinapokuwa kubwa. Kutoka tangini atakwenda zahanati kumuuliza nesi. Kutoka zahanati atakwenda nyumba ya tatu kutoka kwake, na spika haitawashwa hadi mwenye nyumba hiyo aseme ndiyo. Taratibu ameshalalamika kwamba mzunguko huo utamaliza mafuta, akaambiwa atembee.

Tulimuuliza kama haoni ni mzigo kwa mtu wa umri wake, tena kwa kazi ambayo hakuna anayemlipa.

"Nimefanya kazi hii zaidi ya nusu ya maisha yangu," alisema Honi. "Nimetangaza kwa ajili ya maduka, vyama, mameya wanne. Wote walinipa cha kusema. Yule ndiye mteja wa kwanza kunitaka nikatazame."